Mguu Ulifunguliwa Lini? Fundi Mstaafu Anajibu Barua Zenu

Barua tatu za safari hii zote zimegusa jambo moja: ndege za mizigo zilizokula chumvi nyingi, na ile dakika ya kutua. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenye nayo amekosa usingizi.

*Shikamoo Fundi. Mume wangu ni rubani msaidizi kwenye ndege ya mizigo. Ndege yenyewe imenizidi umri, na mimi si msichana tena. Zamani ilibeba abiria, sasa madirisha yake yamezibwa. Juzi nimeona picha ya ndege ya aina hiyo imelala upande kwenye njia ya kurukia, mguu mmoja umekatika, bawa linawaka moto. Nilipomwuliza mume wangu akanijibu, "Ndege haizeeki, mke wangu, ikitunzwa inakwenda tu." Nilinyamaza, lakini moyo haukutulia. Niambie ukweli: ndege inazeeka au haizeeki? Na nimwulize nini ili nijue kama ananificha? — Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Mumeo hajakudanganya, ila amekupa nusu ya jibu. Hiyo nusu nyingine nitakupa mimi, kwa sababu nimefanya kazi karakanani miaka 31, na zaidi ya 20 kati ya hiyo nilikuwa kwenye miguu ya ndege, yaani vile vyuma vinavyobeba magurudumu. Na kwenye picha uliyoiona, kilichokatika ni mguu.

Ndege inazeeka kwa njia mbili, na kila njia ina saa yake. Ya kwanza ni uchovu wa metali. Kila inaporuka na kutua, chuma na alumini vinabeba mzigo kisha vinautua. Ukikunja waya mara moja haukatiki; ukiukunja mara nyingi pale pale unakatika, na mara ya mwisho hukutumia nguvu kubwa kuliko mara ya kwanza. Uchovu huu hauhesabu miaka, unahesabu safari. Mwaka 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilichanika paa hewani huko Hawaii. Ilikuwa na umri wa miaka 19 tu, lakini ilikwisha ruka na kutua mara 89,680, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuvuka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Ilikuwa ndege ya abiria, lakini ajali ile ndiyo iliyotufundisha mafundi wa rika langu kukagua ndege kongwe kwa namna nyingine.

Ndege ya mumeo kwa saa hii ya kwanza huenda iko vizuri kuliko unavyodhani. Ndege za mizigo mara nyingi huruka safari chache kwa siku, wakati mwingine moja usiku na moja alfajiri, kisha husimama. Ndiyo maana kampuni hununua ndege iliyochoka kubeba abiria, huikata ubavuni na kuiwekea mlango mkubwa, huimarisha sakafu, huziba madirisha, na kuitumia miaka mingine mingi. Bei yake ni ndogo, na kwa kuwa hairuki mchana kutwa, hata ulafi wake wa mafuta unavumilika.

Saa ya pili ni kutu, na hii ndiyo inayohesabu miaka. Kutu haina habari kama ndege imeruka au imelala. Unyevu ukishaingia mahali, unafanya kazi Jumapili, unafanya kazi sikukuu, unafanya kazi ndege ikiwa imeegeshwa inangoja mzigo. Kwa hiyo ndege ya mizigo inaweza kuwa na safari chache kwenye daftari na bado ikawa inaliwa ndani. Zaidi, kishimo cha kutu ndicho mwanzo mzuri wa ufa. Saa hizi mbili zikikutana mahali pamoja, ndipo mguu unapokatika.

Hebu nikupe kisa kimoja, nacho kimeandikwa chote na wachunguzi. Tarehe 28 Oktoba 2016, ndege ya FedEx, kampuni ya kusafirisha mizigo, iliyotoka Memphis ilitua Fort Lauderdale, Marekani. Ilikuwa MD-10, yaani DC-10 ya miaka ya 1970 iliyobadilishwa chumba cha marubani ili iendeshwe na watu wawili badala ya watatu. Magurudumu yaligusa chini salama. Ndege ikiwa inapunguza mwendo, mguu mkuu wa kushoto ukaanguka, bawa la kushoto likakokota chini, moto ukawaka. Marubani wote wawili walitoka hai kupitia dirisha la chumba chao.

Wachunguzi wa Marekani, NTSB, walifuata ufa mpaka ulikoanzia. Ulianzia kwenye kishimo cha kutu, ndani ya tundu la vali ya kujazia hewa kwenye silinda ya mguu. Mahali pale palitakiwa kuwa na ngozi nyembamba ya metali iitwayo kadimiamu. Kadimiamu kazi yake ni kuliwa na kutu kwanza ili chuma kilicho chini yake kisalimike. Pale haikuwepo, na wachunguzi hawakuweza kubaini ni kwa nini. Kutu ikachimba, kishimo kikawa ufa, ufa ukarefuka kidogo kila ndege ilipotua, mpaka siku hiyo.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma. Mtengenezaji alipendekeza mguu ule uvuliwe, ufunguliwe wote na kufanywa upya kila baada ya miaka 8 au kutua mara 7,500, litakalotangulia. Kampuni ilijiwekea kikomo chake: miaka 9 au saa 30,000 za kuruka. Mguu uliokatika ulikuwa umepita miaka 8, haujafika 9. Kwa daftari la kampuni ulikuwa halali kabisa. NTSB walisema wazi kwamba kikomo kile kilirefushwa bila takwimu na uchambuzi wa kutosha kuhakikisha ufa utaonekana kabla haujamaliza kazi. Fundi aliyeiaga ndege ile hakukosea kitu. Rubani naye aliitua vizuri. Kosa lilifanyika zamani, mezani, na mtu aliyeongeza mwaka mmoja kwenye karatasi.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa tundu lile. Tarehe 28 Julai 2006, MD-10 nyingine ya kampuni hiyo hiyo ilivunjika mguu mkuu wa kushoto ilipotua Memphis. Ufa ulianzia kwenye tundu la vali ile ile. Safari ile sababu ilikuwa nikeli, metali nyingine, iliyopenya ndani ya tundu wakati mguu unapakwa ngozi ya metali upya, kwa kuwa utaratibu wa kazi haukutosha kuizuia. Miaka 10 kati ya ajali na ajali, na tundu ni lile lile ambalo kidole changu kidogo kingeliziba.

Mwanangu, mimi nimeyafungua matundu kama hayo. Mguu wa ndege kubwa ukivuliwa unaletwa kwenye meza unanuka mafuta ya haidroliki, umejaa grisi nyeusi na vumbi la breki, na unaonekana imara kiasi kwamba kuutilia shaka ni kama kuukosea adabu. Unauosha. Unaondoa rangi yote na ngozi zote za metali mpaka chuma kinabaki uchi. Unakipitishia sumaku huku unakimwagia maji yenye chembe zinazong'aa, unazima taa za chumba, unawasha taa ya urujuanimno. Kama kuna ufa, chembe zinakusanyika juu yake na unaona uzi wa kijani, mwembamba, umelala pale ambapo dakika tano zilizopita macho yako hayakuona kitu. Nimeuona uzi huo mara nne maishani. Mara zote nne ndege ilikuwa imeingia karakanani inatembea kwa miguu yake, hakuna rubani aliyelalamika.

Usidhani kazi inaishia hapo. Chuma kile kigumu kikipakwa metali upya kwa umeme hunywa haidrojeni, nayo hukifanya kiwe kikavu kama bisikuti. Kwa hiyo lazima kiokwe kwenye tanuri, karibu nyuzi 190 za Selsiasi, karibu siku nzima, ili haidrojeni itoke. Siku moja nikiwa bado kijana, mkubwa wetu wa zamu alitaka tukitoe mapema kwa sababu ndege ilikuwa inangojwa. Fundi mzee aliyenifundisha kazi akavuta kiti, akakaa mbele ya mlango wa tanuri, hakusema neno. Tulikitoa saa yake ilipotimia. Sijawahi kusahau kile kiti.

Kwa haki, nisikutie hofu kwamba kila ndege kongwe iliyoharibikiwa kutua iliuawa na uzee. Boeing 707 ya mizigo ya Saha Airlines, ndege ya miaka ya 1970, iliangamia Iran tarehe 14 Januari 2019 ikitoka Bishkek na shehena ya nyama. Ilitakiwa itue uwanja wa Payam. Ikatua uwanja wa jirani wa Fath, ambao njia yake haifiki nusu ya ile ya Payam kwa urefu. Walikuwemo watu 16, akanusurika mmoja. Ndege ilifanya kila ilichoombwa. Iliombwa isimame mahali pasipotosha. Vivyo hivyo Boeing 747 iliyopitiliza njia huko Halifax, Kanada, tarehe 7 Novemba 2018, ikienda kupakia kamba kochi. Njia ilikuwa imelowa, upepo unaisukuma kwa nyuma, marubani wamechoka, na baada ya kugusa chini mkono mmoja wa kuongezea nguvu ya injini ukasogezwa mbele. Kompyuta ikaelewa kwamba rubani anataka kuondoka tena: vile vibao vinavyosimama juu ya bawa vikalala, na breki za kujiendesha zikajitoa. Ndege hiyo ingekuwa mpya kutoka kiwandani, yangetokea hayo hayo.

Sasa, umwulize nini mumeo. Usimwulize ndege ina miaka mingapi. Mwulize miguu yake ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na kikomo wanachofuata ni cha mtengenezaji au cha kampuni. Rubani msaidizi huenda hajui kwa kichwa, na si aibu, lakini anaweza kuuliza upande wa ufundi na ana haki ya kujibiwa. Akijibiwa kwa tarehe, mshukuru Mungu ulale. Akijibiwa kwa mzaha, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Mwulize pia kuhusu mambo yaliyoahirishwa. Kila ndege ina daftari la hitilafu ndogo ambazo sheria inaruhusu zingoje kwa siku maalumu. Hakuna ubaya wowote kuwa nazo. Ila daftari likiwa refu mwezi baada ya mwezi, na hitilafu ile ile inafungwa Jumatatu inafunguliwa tena Alhamisi, mimi nisingependa mwanangu aruke nayo.

La mwisho ni kamba. Ndege nyingi kubwa za mizigo zina kamba ya kushukia karibu na dirisha la chumba cha marubani. Mwulize mara ya mwisho aliishika lini kwa mikono yake, si kuiona kwenye picha ya darasani. Wale wawili wa Fort Lauderdale hawakuwa na mhudumu wa kuwafungulia mlango.

*Fundi, mimi ni mwanafunzi wa urubani. Rafiki yangu anasema MD-11 ni ndege yenye mkosi, ikidunda tu inapinduka. Mwalimu wetu anasema hakuna ndege yenye mkosi. Nani mkweli? Na ile ajali ya Louisville, Marekani, ya Novemba 2025, je? — Kijana wa Darasa la Usiku*

Mwalimu wako ndiye mkweli, lakini rafiki yako hajaota. Tarehe 31 Julai 1997 MD-11 ya FedEx ilidunda ilipotua Newark, ikapinduka na kuungua. Watu wote watano walitoka hai. Tarehe 23 Machi 2009 nyingine ya kampuni hiyo ilidunda Narita, Japani, kukiwa na upepo wa kuvurugika. Bawa la kushoto likavunjika, ikageuka juu chini, na marubani wote wawili wakafariki. Tarehe 27 Julai 2010 ya Lufthansa Cargo ikadunda Riyadh na mwili wake ukapasuka. Wawili waliokuwemo waliokoka. Mkosi haujirudii hivyo mahali pamoja. Panapojirudia namna hiyo pana sababu.

MD-11 ilitokana na DC-10, ikarefushwa, ikapewa mkia wa mlalo mdogo zaidi ili isibebe uzito na ukinzani wa bure safarini. Faida ilipatikana kwenye mafuta. Gharama yake inalipwa wakati wa kutua: inakuja kwa kasi kubwa kuliko ndege nyingi za ukubwa wake, na pua yake ina wepesi ambao asiyeizoea unamshtua. Sasa igonge chini kwa nguvu, irushwe juu. Mkono wa binadamu unataka kusukuma pua chini ili ndege irudi ardhini. Pua inashuka upesi kuliko alivyodhani, anaivuta, naye amechelewa kwa nusu sekunde, na ndege inarudi chini kwa pigo kubwa kuliko la kwanza. Mara nyingi pigo la pili au la tatu ndilo linalovunja. Mguu mkuu unasukuma mzigo wote kwenye bawa, bawa linapasuka upande mmoja, na bawa la upande wa pili, ambalo bado linabebwa na hewa, linaipindua ndege.

Kwa hiyo ukidunda, usiifukuze ardhi kwa pua. Kama umerushwa kidogo, shikilia pua ilivyo na uache ndege irudi yenyewe kwa utaratibu uliofundishwa. Kama umerushwa juu, ongeza nguvu uondoke, uje tena. Hakuna shehena isiyoweza kungoja dakika kumi na tano. Ile ya Narita haikuwa hata kongwe. Ilikuwa ya miaka ya 1990 na miguu yake haikuwa na ufa. Nakuandikia hili kwa herufi nzito moyoni mwangu, kijana, kwa sababu wale wawili walikuwa na ujuzi kuliko wewe na mimi, na muda wote waliokuwa nao wa kuamua ulikuwa sekunde chache.

Ile ajali ya Louisville ya Novemba 2025 uliyoitaja mwishoni mwa barua yako ni mlango mwingine. Ndege ile ilikuwa inaruka, si kutua, na injini ya kushoto ilichomoka pamoja na shina lake linaloishikilia bawani. Usiichanganye na hizi tatu, ingawa jina la ndege ni moja.

*Mzee wangu, naendesha gari la doria kando ya njia ya kurukia, zamu ya usiku. Tangu ajali ya Hong Kong nikisikia ndege ya mizigo inakuja nasimamisha gari nashika usukani kwa nguvu. Wenzangu wananicheka. Wale walinzi walikosea nini? — Mlinzi wa Zamu ya Tatu*

Hakuna walichokosea, ndugu yangu, na ningependa kila anayewacheka watu kama wewe asome hapa. Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba 2025, Boeing 747 ya mizigo yenye umri wa miaka 32, iliyowahi kubeba abiria, ilitua Hong Kong ikitokea Dubai. Baada ya kugusa chini ikakengeuka kushoto, ikatoka nje ya njia, ikavunja uzio, ikaligonga gari la doria na kuingia nalo baharini. Wanne waliokuwa ndani ya ndege waliokolewa. Walinzi wawili wa ndani ya gari walifariki. Gari lao lilikuwa nje ya uzio, kwenye barabara yake halali, likifanya kazi yake.

Nimeona taarifa nyingi zilizoanza kwa kusema wafanyakazi wote wa ndege wako salama, na wale wawili wakatajwa aya ya pili. Tunaofanya kazi chini tumezoea kuhesabiwa mwisho, lakini sijawahi kuliona kuwa ni sawa.

Unachoweza kufanya ni kidogo, nami nitakuambia hicho kidogo. Usisimame ukiwa umeipa mgongo ndege inayotua. Geuza gari uione. Fungua kioo kidogo ili uisikie. Usihesabu kwamba imetua kwa sababu magurudumu yamegusa; ngoja mpaka ipunguze mwendo na kukata kona kuingia njia ya pembeni. Kama barabara yako ina sehemu inayokaribia sana njia ya kurukia, mwombe msimamizi wako kwa maandishi doria isipite hapo ndege ikiwa inashuka. Dakika mbili za kungoja haziharibu ulinzi. Andika tarehe, baki na nakala.

Na uendelee kusimamisha gari. Mimi nilipokuwa kazini, kila ndege niliyoifunga mguu nilitoka nje ya karakana kuitazama ikirudi, na sikurudi ndani mpaka imesimama.